Mlima Chini ya Miguu ya Bibi na Bwana

Katika kila karatasi ya serikali imfikiayo raia wa Tanzania, iwe cheti cha kuzaliwa, iwe hati ya mahakama au barua ya uhamisho wa mwalimu, pana picha ya mwanamume na mwanamke waliosimama huku na huku ya ngao, kila mmoja ameshika pembe ya ndovu, na watu wa mitaani, wasiohitaji msamiati wa wajuzi wa nembo, huiita kwa ufupi Bibi na Bwana. Macho ya mtazamaji aghalabu huishia penye ngao yenyewe, palipochorwa Mwenge wa Uhuru, na bendera, na mkuki, na shoka na jembe vilivyopishana, na mawimbi ya maji chini yake. Akizidi sana husoma maneno Uhuru na Umoja yaliyoandikwa juu ya utepe. Wachache huteremsha macho mpaka mwisho wa picha, wakatambua ya kuwa wawili wale hawakusimama juu ya ardhi isiyo na jina, bali wamesimama juu ya Kilimanjaro, mwanamume akiwa na mkarafuu miguuni pake na mwanamke akiwa na mpamba.

Sisi tuishio Moshi, ambao mlima huo tunaukuta nyuma ya paa za nyumba kila alfajiri kabla mawingu hayajaufunika, na tena magharibi yanapotanduka, tumezoea mno kuuona hata hatuulizi uliingiaje katika nembo, wala ulikuwa nani kabla ya kuingia. Kwa muda mrefu nimekuwa nikizikusanya habari zake mbili, ya kwanza ikiwa historia ya bendera na alama zilizotundikwa juu yake, na ya pili ikiwa historia yake kama kiungo cha sayari hii, na kadiri nilivyozidi kuzisoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hazitengani. Maana kila dola iliyopita hapa ilitaka kuweka kitu chake juu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, na kila mara kitu hicho kiliwekwa juu ya jambo la maumbile ambalo waliokiweka walikuwa hawajalifahamu.

Jambo la kwanza kubishaniwa lilikuwa ule weupe. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akiitumikia jumuiya ya Kiingereza huko Rabai, nyuma ya Mombasa, akiwa njiani kuelekea Uchagani pamoja na Bwana Kheri, kiongozi wa msafara wake, aliuona mlima mrefu ambao kichwa chake kilikuwa cheupe mithili ya wingu lililotua, akamwuliza mwenziwe weupe ule ni kitu gani. Naye Bwana Kheri, ambaye hakuwa na haja ya kubuni jina la kitu kisichokuwako pwani, alimjibu kwa neno moja tu, baridi. Neno hilo lilitosha. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya majira ya theluji, alielewa mara moja. Baadaye, alipofika Machame, alisimuliwa ya kuwa Mangi, yaani mtawala wa Kichaga, aitwaye Rungua aliwahi kuwatuma watu wapande wakahakikishe kama weupe ule ni fedha, na kwamba wengi wao hawakurudi, kwa sababu baridi iliwamaliza.

Habari hizo zilipochapishwa London mwaka 1849 zilimkuta William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeheshimiwa sana kwa elimu yake ya vitabu juu ya Afrika, ilhali hakuwa amepata kutia mguu katika nchi alizoziandikia. Cooley alikataa katakata kwamba theluji yaweza kudumu karibu na Ikweta, akashikilia ukanushaji wake katika kitabu alichokitoa mwaka 1852, na kwa miaka zaidi ya kumi mlima wetu ukawa mashakani katika vyumba vya wasomi, huku watu wa Marangu na Kilema wakinywa maji yake kila siku. Ubishi ulipungua nguvu mwaka 1861, Baron Carl Claus von der Decken alipopanda kiasi pamoja na Richard Thornton, mjuzi wa miamba, ambaye ndiye aliyeutambua mlima kuwa ni volkano. Na mwaka uliofuata, Decken alipopanda tena na Otto Kersten hata wakapita mita 4,000, theluji yenyewe iliwaangukia. Mwaka 1871 mmisionari Charles New akaufikia mpaka wa theluji kwa miguu yake.

Sasa hebu tuiache dunia kwa kitambo. Mwaka 1879, yaani miaka 31 baada ya safari ya Rebmann, mwanafalaki wa Milano, Giovanni Schiaparelli, akiitazama sayari ya Mirihi kwa darubini yake, aliona doa dogo jeupe lililokuwa likionekana na kutoweka, akaliita kwa Kilatini Nix Olympica, ambayo maana yake ni theluji ya Olimpo. Jina likaingia katika ramani za Mirihi na kukaa humo karibu karne nzima. Kisha Novemba 1971 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 9 kikaifikia sayari ile, na bahati yake ikawa mbaya, kwani tufani la vumbi lilikuwa limeifunika Mirihi yote. Hakikuona kitu isipokuwa madoa machache meusi yaliyochomoza juu ya vumbi. Tufani lilipotulia ilidhihirika kwamba madoa yale yalikuwa vilele vya volkano, na kwamba mojawapo, pale palipoitwa theluji ya Olimpo, ilikuwa volkano iliyozishinda kwa kimo volkano zote tuzijuazo hapa duniani. Ule weupe aliouona Schiaparelli haukuwa theluji bali mawingu yaliyozoea kukusanyika penye miteremko yake, kama haya ya kwetu yanayokusanyika juu ya msitu wa Kibosho kila siku kabla ya adhuhuri.

Nimeirudia hadithi hii mara nyingi moyoni. Juu ya mlima wetu wanazuoni walisema si theluji, nayo ilikuwa theluji. Juu ya mlima wa Mirihi walisema ni theluji, nayo yalikuwa mawingu. Nami siwalaumu kwa kukosea, maana kutazama kwa mbali kuna udhuru wake. Ila naona tofauti moja ambayo ni ya haki kuitaja, kwamba Schiaparelli hakuwa na mtu wa kumwuliza, lakini Cooley alikuwa na neno la Bwana Kheri mbele yake, limechapishwa, naye hakulihesabu kuwa ushahidi.

Mlima huo wa Mirihi, ambao leo huitwa Olympus Mons, una kimo cha takriban kilomita 22, nao umetandaa kilomita 600 hivi, kiasi kwamba mtu akiuweka juu ya ramani yetu, ukingo wake mmoja ukiwa Moshi, ukingo wa pili ungepita Dar es Salaam na kuingia baharini. Na shimo lililo kileleni mwake lina urefu unaokaribia ule wa barabara ya kutoka Moshi hadi Arusha. Sababu ya ukubwa huo ndiyo inayotufundisha jambo kuhusu hapa kwetu. Gamba la dunia limekatika mabamba ambayo husogea pole pole, hata chemchemi ya moto iliyo chini haipati wasaa wa kurundika zaha yake mahali pamoja milele. Ama gamba la Mirihi halisogei namna hiyo, na uzito wa vitu kule ni kama theluthi moja na ushei tu ya uzito wao hapa, kwa hiyo zaha hurundikana juu ya zaha kwa mamilioni ya miaka bila ya mlima kuelemewa na uzito wake. Kilimanjaro, kwa upande wake, ni mtoto wa nchi inayopasuka. Uko kando ya Bonde la Ufa, mahali ambapo Afrika ya mashariki inavutwa itengane na sehemu nyingine ya bara, na penye mvuto kama huo moto hupata njia. Hata katika sayari ya Zuhura, iliyofunikwa na mawingu yasiyopenyeka kwa jicho, mitambo ya rada imeonyesha nyanda za juu ziitwazo Beta Regio zilizopasuliwa na ufa mrefu wenye volkano, na wataalamu walipotafuta mfano wa kuufananisha nao, mfano waliouchukua ulikuwa Bonde la Ufa la Afrika Mashariki.

Kilimanjaro si mlima mmoja bali ni mitatu iliyoshikana, na hapa ndipo elimu ya miamba inapokutana na hekaya ya wazee wa Kichaga kwa namna ambayo hainiishii utamu. Hekaya husema kwamba Kibo na Mawenzi walikuwa jirani, na Mawenzi alikuwa na tabia ya kuuacha moto wake uzimike, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Kibo akampa, na ndizi juu yake. Akarudi tena moto umezimika, akapewa. Akarudi tena, mpaka Kibo akaghadhibika, akashika mchi akamtwanga mwenziwe kichwani, na ndiyo sababu kichwa cha Mawenzi kimechongoka na kuvunjikavunjika hata leo. Wajuzi wa miamba, waliopima umri wa zaha kwa mizani zao za maabara, wanasema kwamba kongwe kuliko zote ni Shira, iliyoanza kutema moto takriban miaka milioni 2 na nusu iliyopita, kisha ikaporomoka ikawa uwanda. Kwamba Mawenzi na Kibo zilikuja baadaye. Na kwamba moto wa Mawenzi ulizimika wa kwanza, ukaachwa kumomonyolewa na mvua na barafu hadi ukabaki magenge na meno ya mawe, huku moto wa Kibo ukiendelea kwa muda mrefu baada yake. Wazee hawakuwa na maabara. Walikuwa na macho na wasaa, wakatambua kwamba mlima wenye meno ni ule uliotangulia kukosa moto.

Na kuhusu kimo pana jambo ambalo watoto wa shule za Moshi wangepaswa kuambiwa mapema, kwa kuwa wao huambiwa tu kwamba kilele cha Kibo kiitwacho Uhuru ni mita 5,895 na Everest ni mita 8,849, wakaona wameshindwa. Dunia si duara kamili. Mzunguko wake umeifanya ivimbe katikati, hata nusu ya kipenyo chake penye Ikweta inazidi ile ya kwenda ncha za dunia kwa kilomita 21 hivi. Kilimanjaro, ulio digrii 3 tu kusini mwa Ikweta, umekaa juu ya uvimbe huo, na ukipima si kutoka usawa wa bahari bali kutoka kiini cha dunia, kilele chake kiko mbali kwa takriban kilomita 6,384, ilhali cha Everest kiko mbali kwa kilomita 6,382; mshindi wa hesabu hiyo ni Chimborazo wa Ekwado, lakini asimamaye Uhuru amesimama mbali zaidi na moyo wa dunia kuliko asimamaye Everest.

Turudi kwenye bendera. Mwaka 1885, baada ya kusikia kwamba Wajerumani wanatembea bara na karatasi za mikataba, Sultani Barghash bin Said wa Unguja alimtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jemadari wa askari wake, apande Uchagani. Na wamangi, miongoni mwao Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimjua kwa jina la Mandara, wakakubali kuwa chini ya bendera nyekundu ya Sultani. Muda haukupita mrefu akaja Karl Jühlke kwa niaba ya kampuni ya Carl Peters, akaondoka na mkataba wa Rindi yule yule. Waandishi wa Kizungu walimwita Rindi mtu wa hila. Mimi namwona mtawala wa nchi ndogo aliyezungukwa na mahasimu, Sina wa Kibosho akiwa mkali kuliko wote, na ambaye kwake kitambaa cha mgeni kilikuwa njia ya kupata silaha na biashara, wala si kiapo cha kuuza ardhi. Kwamba ng'ambo ya bahari kitambaa kile kilihesabiwa vingine, hilo lilidhihirika tarehe 1 Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani zilipopatana juu ya mstari utokao pwani kwenda ziwani, nao mstari ukapinda kuuzunguka mlima kwa kaskazini ili uwe upande wa Ujerumani, huku Mombasa ikibaki upande wa Waingereza. Ile hekaya isemayo kwamba Malkia Victoria alimtunuku mjukuu wake Wilhelm Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa haina msingi. Mlima ulikatwa mezani kwa hesabu ya bandari na mikataba, na Wilhelm hakuwa hata Kaisari bado mwaka ule.

Alipokuwa Kaisari ndipo alipoletewa zawadi ya kweli. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, walifika juu kabisa ya Kibo, baada ya kutoka Marangu kwa Mangi Marealle, ambako walipata wasaidizi. Na mwaka 1989, ilipotimia miaka 100, mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alienziwa kwa kuhesabiwa miongoni mwa walioiongoza safari ile. Meyer alisimika bendera, akakiita kilele kwa jina la Kaisari Wilhelm, kisha akachukua jiwe. Jiwe hilo lilikwenda Potsdam, likatiwa katika ukuta wa ukumbi wa Kasri Jipya uliopambwa kwa makombe na madini, ili kilele kirefu kuliko vyote katika milki ya Ujerumani kiwe na kipande chake nyumbani kwa mwenye milki. Miaka kumi na ushei baadaye, tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli, mwana wa Rindi, alinyongwa Moshi pamoja na viongozi wengine, na wazao wake, wanaoamini kwamba kichwa chake nacho kilipelekwa Ujerumani, wameendelea mpaka zama zetu hizi kulitafuta fuvu lake katika maghala ya huko. Siwezi kuisoma habari ya jiwe bila kuikumbuka habari ya fuvu.

Ada hiyo ya kutwaa jiwe kuwa alama ya taifa haikuishia kwa Meyer, ila ilibadili sura. Wanaanga wa Apollo 11 waliporejea kutoka mwezini mwaka 1969, walirudi na mawe, na pia na bendera ndogo ndogo za mataifa walizokuwa wamezichukua katika safari yao. Kisha serikali ya Marekani ikatengeneza vibao, kila kimoja kikiwa na chembe chache za mwezi ndani ya plastiki angavu na bendera ya taifa litakalopewa, ikavigawa kwa nchi zaidi ya 100. Kwa maumbile, chembe zile na jiwe la Meyer si wageni wao kwa wao: zote ni mawe yaliyozaliwa na moto, isipokuwa zile za mwezi zimepoa zaidi ya miaka bilioni 3 na nusu iliyopita, na jiwe la Kibo ni la juzi, umri wake hauzidi laki chache za miaka. Kwa adabu ya nembo tofauti yao ni kubwa zaidi. Jiwe moja lilitolewa Moshi likapelekwa kwa aliyeitawala Moshi; mengine yalitoka mahali ambapo hapana mtu aliyetawaliwa, yakagawiwa kwa wote.

Waingereza, waliochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hawakuwa na haraka ya kuutumia mlima. Alama waliyoichagulia Tanganyika ilikuwa twiga, kichwa chake kikatiwa katika bendera na katika stempu za mwaka 1922, na Kilimanjaro ukangoja hadi stempu za mwaka 1935 zilizotumika pamoja na Kenya na Uganda. Wachaga wenyewe wakati huo walikuwa wakijenga mambo yao: chama chao cha ushirika wa kahawa, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, na Thomas Marealle alipokuwa Mangi Mkuu mwaka 1952 wakawa na sikukuu yao na bendera yao. Kahawa ndiyo iliyojenga shule za mlimani, ikasomesha watoto, ikainua nyumba za bati katika vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Nami, kwa mapenzi ya nyumbani ambayo msomaji wa Unguja au Mwanza atanisamehe, husikitika kidogo nionapo kwamba katika nembo Bwana amewekewa mkarafuu na Bibi mpamba, lakini mbuni haumo, ijapokuwa mlima wenyewe umechorwa.

Nembo za majirani zetu zina hadithi zao. Simba wawili wa nembo ya Kenya nao wamesimama juu ya mlima, yaani Mlima Kenya, ambao ni volkano kongwe kuliko Kibo na iliyokwisha kuzimika kabisa, na ulipofika uhuru wao Desemba 1963 Kisoi Munyao aliipandisha bendera mpya juu ya mlima huo. Lakini jambo hilo lilikuwa limetanguliwa hapa. Oktoba 1959, akiwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitamka nia ya kuwasha mwanga na kuuweka juu ya Kilimanjaro, uangaze hata nje ya mipaka, ulete tumaini palipokata tamaa, upendo penye chuki na heshima palipojaa dharau. Wakati huo nchi ilikuwa bado ya Waingereza, na wako waliodhani yale ni mapambo ya usemi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, huku bendera ya Uingereza ikiteremshwa Dar es Salaam, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na Mwenge juu ya Kibo, na kilele kilichopewa jina la Kaisari kikaitwa Uhuru. Katika historia yote ya alama zilizopandishwa pale, hii ndiyo ya kwanza iliyopelekwa juu kwa ajili ya walioachwa chini. Mwenge ukaingia katika ngao. Ukaingia katika sarafu ya shilingi ya mwaka 1966, umeshikwa na mkono. Na kila mwaka hukimbizwa mikoani kwa miguu na magari.

Na jina lile likapanda juu zaidi ya mlima. Tarehe 12 Desemba 1970, katika jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, Wataliano na Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuzipima nyota kwa miali ya eksirei. Na kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, bingwa aliyeusimamia mradi, Marjorie Townsend, alipendekeza chombo kiitwe Uhuru. Pwani ile ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na Ikweta, mahali ambapo dunia huzunguka kwa kasi kuliko kwingineko, takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi hupata msukumo wa bure. Chombo kile kidogo kiliorodhesha vyanzo zaidi ya 300 vya miali hiyo mbinguni, na vipimo vyake vikawa miongoni mwa ushahidi wa kwanza kwamba katika kundi la Cygnus pana kitu kizito kisichotoa nuru. Hivyo neno la Kiswahili lililowekwa juu ya Kibo kwa mkono wa luteni sasa limo katika kumbukumbu za falaki za dunia nzima, na mwanafunzi wa Kijapani au wa Kihindi hulisoma kabla hajajua Moshi iko wapi.

Ile nembo ya Bibi na Bwana ilichorwa wakati ambapo weupe wa Kibo haukuwa na shaka. Leo una shaka, ya namna ambayo Cooley hakuiwazia. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha barafu ya kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2000 karibu asilimia 80 yake ilikuwa imetoweka, na imeendelea kupungua. Mwaka huo wa 2000 Lonnie Thompson wa Ohio na wenzake walitoboa barafu iliyosalia wakatoa vinoo virefu vya barafu, ambavyo ndani yake waliikuta tarehe ya anga la Afrika imeandikwa tabaka kwa tabaka, ya chini kabisa ikikadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 11,000, na mojawapo ikiwa na mstari wa vumbi la ukame mkubwa wa takriban miaka 4,000 iliyopita. Wengi huku kwetu huogopa kwamba barafu ikiisha mifongo, yaani mifereji yetu ya kumwagilia, itakauka. Hofu hiyo inahitaji kurekebishwa, kwa kuwa maji ya mifongo, na ya mito ishukayo Pangani, hutoka kwa sehemu kubwa katika mvua na ukungu unaonaswa na msitu, si katika barafu. Anayekata msitu anatudhuru kuliko jua linaloila theluji. Lakini barafu ile ni kitabu, na kurasa zake hazichapishwi mara ya pili.

Theluji ikipungua, uso wa mlima uliofunikwa tangu kabla ya Rebmann unaanza kuonekana, nao ni uso wa jivu na zaha. Ndani ya shimo la Kibo mna shimo la pili, lililopewa jina la Richard Reusch, mchungaji wa Kilutheri aliyeupanda mlima mara nyingi katika miaka ya 1920 na baadaye, na ndani ya hilo mna Shimo la Majivu, lenye kina cha zaidi ya mita 100. Wapandaji wanaolala juu ya kilele, katika kambi iliyo ndani ya ukingo wa shimo la Kibo, husimulia harufu ya kiberiti na mahali ambapo mvuke hutoka katika nyufa, na udongo penye nyufa hizo ukishikwa na mkono huwa na joto ilhali barafu iko hatua chache kando yake. Wajuzi husema Kibo haujafa, umelala. Usiku ule wa 1961, Nyirenda alipousimika Mwenge katika baridi ile aliyoitaja Bwana Kheri, chini ya viatu vyake lilikuwako kaa lile lile ambalo Mawenzi, kwa kauli ya wazee, alikuwa akienda kuliomba.